Uzi Laini Hauaminiki

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe katuita leo, mimi na mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Chai, biskuti, kisha hukumu. Gurudumu la kuvulia la marehemu mumewe, lile la kuzungushia uzi wa ndoana, limekaa kabatini mwaka mzima, na kila akilifuta vumbi analia. Sasa basi. Wakwe ni wawili, gurudumu ni moja. Jumamosi twende bwawani tuvue kwa chelezo, kile kiboya kidogo kinachoelea juu ya ndoana, kama alivyopenda mzee, na atakayetoa samaki mzito zaidi alichukue. Atapima yeye mwenyewe, kwa mizani yake ya jikoni.

Kwa haki, gurudumu ni langu. Nani alikwenda na mzee bwawani kila Jumapili? Mimi. Nani alimbebea kiti? Mimi! Katika ukoo ule mzee ndiye pekee aliyeniita mwanangu. Wengine wote huniita fundi, hata mezani. Namkumbuka sana. Lile gurudumu likizungushwa hulia tiki-tiki-tiki, na ningetoa chochote kuisikia tena sauti ile nyumbani kwangu.

Mwanyumba ni fundi saa. Mtu mpole, mtu wa maneno machache. Alitabasamu akasema ni wazo zuri. Hakubisha hata kidogo. Mtu anayekubali upesi hivyo ameshajipanga! Kuanzia leo naandika kila kitu, ushahidi usipotee. Daftari nimelificha chini ya vipande vya bitana.

Jumanne, 4 Machi

Dukani kwa muuza vifaa vya uvuvi. Nikaomba uzi mkuu, ule unaojaa kwenye gurudumu, kwa ajili ya kuvulia kwa chelezo. Hata hakufikiri. Akaweka mezani roli ya nailoni nyeupe ya kung'aa. Akasema hii ndiyo yenyewe, unyuzi mmoja, haukusokotwa, laini, unapita kwenye pete za fimbo bila kukwaruza. Akasema niupitishe taratibu katikati ya midomo, nitaona hauna ukakasi.

Uzi wa kutia mdomoni! Wangapi wameshautia mdomoni kabla yangu? Nikamuuliza kama wiki hii amemuuzia mtu mrefu anayenukia mafuta ya saa. Akasema yeye hanusi wateja. Jibu la mtu aliyefundishwa la kusema.

Tena mimi ni fundi cherehani mwaka wa kumi na tisa. Hakuna wa kunifundisha uzi. Uzi laini hauaminiki. Huteleza, na mshono hufumuka ukiwa mbele za watu. Uzi wa maana sharti uwe na ukakasi kidogo, ung'ate. Nikaona roli nyingine rafu ya chini kabisa, ya manjano, ina vumbi. Nikaiomba. Akanikataza! Eti ni ya zamani, ilikaa dirishani, jua limeuchoma uzi, utajikunja na kukatika. Tangu lini mfanyabiashara akakataza watu wasinunue bidhaa yake? Anamwekea mtu. Nikalipa haraka nikatoka kabla hajabadili mawazo.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua ile roli ya manjano kwenye karakana yangu. Uzi uliruka wenyewe. Ukazunguka mguu wa meza, ukazunguka cherehani, ukamzunguka mwalimu mkuu, mama mmoja mkali aliyekuja kujaribu suti yake. Aliuliza kama hapa ni kwa fundi au ni mtegoni. Nilimwokoa kwa mkasi. Suti haikuguswa. Hakucheka.

Uzi una nguvu za ajabu, hilo halina ubishi. Ila utulivu hauna. Nimeurudisha kwenye mfuko.

Jioni mke wangu karudi kutoka kwa dada yake. Kaleta uzi wa nailoni, mweupe, umezungushiwa kwenye kile kijiti cha plastiki kinachobaki uzi wa cherehani ukiisha. Anasema shemeji yake kanitumia, ili tuvue sawa kwa sawa. Nikangoja ageuke, nikaupitisha mdomoni. Hakuna ukakasi. Hata chembe.

Lakini lebo iko wapi? Unabeba kilo ngapi? Unene gani? Nani kautengeneza? Adui anakupa silaha halafu anaficha ilikotoka! Nikamuuliza mke wangu Jumamosi yuko upande wa nani. Akasema yuko upande wa chakula, na chakula kinapoa. Basi, hata yeye wameshampata. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umetimia!

Asubuhi nilitoa mshale wa dakika kwenye saa yetu ya ukutani, nikautia mfukoni, nikaipeleka saa kwa mwanyumba. Kibanda chake kidogo, saa arobaini ukutani, kila moja na wakati wake. Akavaa kioo chake jichoni, akainama. Nami macho yangu yako kwenye begi lake la kuvulia, limetundikwa nyuma ya mlango.

Ndani nikakuta roli. Uzi mweupe, laini, kutoka duka lile lile. Na lebo! Lebo nzima, na kilo zake, na unene wake. Kwa hiyo yeye ajiwekee wenye jina, mimi anitupie yatima? Nikaweka kijiti chake begini, roli ikaingia ndani ya shati langu. Haikuchukua hata dakika moja. Najua kwa sababu saa arobaini zilinihesabia.

Akainua kichwa akauliza mshale wa dakika uko wapi. Nikasema hilo ndilo nililokuja kuuliza mimi. Maskini akadhani kauangusha yeye. Akapiga magoti na tochi, akautafuta chini ya meza karibu nusu saa, huku ananiomba radhi. Mwisho akanitilia mwingine, akasema kati ya mwanyumba na mwanyumba hakuna bei. Nilikaribia kumwonea huruma. Nikajizuia.

Jambo moja linanitatiza. Ile roli imejaa nusu tu. Nusu nyingine kaipeleka wapi? Nitachunguza.

Ijumaa, 7 Machi

Wasiwasi. Uzi ni mzuri lakini ni laini mno, na fundo litateleza. Kila fundi cherehani anajua dawa yake: nta. Nikachukua kile kipande ninachopitishia uzi wa vifungo, nikaupaka uzi wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, ukajaa sakafuni. Sakafuni kulikuwa na manyoya ya kitambaa cha sufu nyekundu cha mwalimu mkuu. Sasa uzi una ndevu nyekundu. Si kitu. Samaki atadhani ni minyoo.

Mke wangu akasimama mlangoni akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kila fundi ana siri yake. Akasema siri hiyo naisambaza nyumba nzima kwa soksi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa uchungu.

Bwawa lilikuwa shwari. Mama mkwe kakaa kwenye kiti cha kukunja, kile kile nilichokuwa nikimbebea mzee, mizani mapajani. Mwanyumba akarusha. Uzi ukatoka bila sauti, chelezo kikaenda mpaka kwenye matete, kikasimama wima majini. Usione vyaelea, vimeundwa! Nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini kwamba pale pana jambo. Akasema ndiyo, pana mtu anajua kuvua.

Nikarusha mimi. Nta ikaganda kwenye pete ya kwanza, chelezo kikaangukia kiatu changu. Nikarusha tena. Ndoana ikaenda nyuma, ikashika kitambaa cha kichwani cha mama mkwe. Akasema marehemu naye alianza hivyo. Nilimpenda sana wakati ule. Mara ya tatu nikafika majini, hatua mbili kutoka ukingoni, na hapo nikakiacha chelezo.

Kisha, saa nne na nusu, chelezo changu kikazama!

Si kutikisika. Kilizama. Nikavuta, nikamwona mgongo, mweusi, mpana. Samaki ambaye mzee alimtafuta miaka yote! Nilimsikia mzee kabisa, karibu na sikio: taratibu mwanangu, mpe uzi, mpe uzi. Nikampa uzi. Uzi ukakataa kwenda. Donge la nta na sufu likakwama kwenye pete, fimbo ikainama, uzi ukakatika, pwaa. Samaki akaondoka na chelezo changu. Tulikiona kikizunguka bwawa mpaka adhuhuri, kikipunga kichwa chake chekundu, na hakuna aliyethubutu kuniangalia.

Mwanyumba akatoa mmoja wa kilo mbili na robo. Mama mkwe akasoma mizani mara tatu, polepole, kama mtu anayetaka isome kingine. Nililia. Nikasema ni jua.

Tukikusanya vitu, mwanyumba akanisogelea. Akasema kwa upole kwamba aliona tumebadilishana nyuzi, wala nisijali, kwa kuwa ni uzi mmoja. Dukani ilibaki roli moja tu ya aina ile, akaona si haki avulie peke yake. Akaikata nusu kwa nusu. Yangu akaizungushia kwenye kijiti, yake ikabaki kwenye roli yenye lebo. Akaniuliza nta ilikuwa ya nini.

Nilifikiri njia nzima. Nilifikiri wakati wa kuoga. Kwenye maji ya kuogea nikaelewa yote! Alijua kwamba nitabadilisha. Ndiyo maana akazifanya zote mbili ziwe sawa, ili hata nikibadilisha nisipate faida yoyote! Hila ya kiwango hiki sijapata kuiona. Mtu anakupunja kwa kukupa haki yako.

Jumapili, 9 Machi

Mwanyumba kaja asubuhi. Mkononi ana sanduku. Ndani, gurudumu la mzee.

Akasema yeye kashinda samaki, lakini aliyembebea mzee kiti ni mimi. Kasema ameshazungumza na mama mkwe, na mama mkwe kashukuru, kwa sababu ndivyo alivyotaka tangu Jumatatu, ila aliogopa kuonekana anapendelea. Kalisafisha kama anavyosafisha saa, kila kidude mahali pake. Kalitia mafuta. Na ule uzi wake laini uliobaki kauzungushia wote humo, ili mimi nifike bwawani na kurusha tu.

Nikazungusha mpini. Tiki-tiki-tiki.

Mke wangu alishika mlango, naye analia. Nilimkumbatia mwanyumba mbele ya watu, mimi, nikamwita ndugu yangu, na wakati ule nilimaanisha.

Kaondoka saa tano. Saa tano na robo nikaanza kujiuliza. Nani anashinda kitu halafu anakigawa? Nani anatoa gurudumu, anaongeza na uzi, anaongeza na mafuta? Nikautazama uzi kwa makini. Hauna lebo!

Nimeufungua wote, nimeukata vipande vipande, nimeutia kwenye pipa la taka na kifuniko juu yake. Hanipati. Mahali pake nimezungushia ule wa manjano kutoka rafu ya chini, uzi pekee katika habari hii yote ambao mwanyumba hajaugusa. Nimeupaka nta mara mbili, safari hii sakafu nikiwa nimeifagia kwanza. Mtu hujifunza.

Baada ya chakula nikazungusha tena mpini, macho nimefumba, nimsikie mzee. Hakuna tiki-tiki. Linakoroma tu, halafu linakwama.

Nilijua. Kaliharibu alipolitia mafuta. Kesho nampelekea saa ya mkononi ya mke wangu, nikachunguze. Mshale wa dakika nimeshautoa.