Kebo Iliyopandishwa kwa Vyeo

Wazazi wenzangu wa Ait Tazrut, pigeni vigelegele! Ofisi ya tarafa yetu imeboresha mtandao. Ile kebo nyembamba iliyotoka kwenye antena ya juu ya paa hadi chumba cha wanafunzi hapo ofisini, theluji ya huku milimani ikaitafuna, imeng'olewa. Imeletwa kebo nene kama mkia wa punda, na viunganishi vinavyong'aa kuliko meno ya bwana harusi.

Pigeni vigelegele, lakini watoto wenu muwashike mkono. Itto wangu alitakiwa kujiandikisha chuo cha uuguzi kabla ya Alhamisi adhuhuri. Ukichelewa, basi.

Fundi alitaka kuishusha kebo moja kwa moja hadi kwa wanafunzi. Mwenyekiti wetu, Si Lahbib, yaani Bwana Lahbib, akamkemea kwa upole wa kiserikali.

"Kijana, umeona wapi jambo linawafikia wanafunzi halijaidhinishwa?"

"Huu ni mtandao, Si Lahbib, si barua."

"Ndiyo maana una kiherehere. Utafuata utaratibu."

Na utaratibu una hekima yake. Kila jambo huanzia kwa bawabu, likapanda kwa karani, mhasibu, naibu, mwisho kwa Mwenyekiti, mwenye neno la mwisho. Basi kebo ikashushwa langoni, ikazungushwa meza kwa meza. Kwenye kila meza ikakatwa, ikafungwa viunganishi, mkubwa akachota chake. Karani alipoona vya mhasibu vina rangi ya dhahabu, aligoma mpaka naye akapewa. Kitakachobaki, cha wanafunzi.

"Kila mkato unakunywa mtandao," fundi akanong'ona.

"Na wewe kunywa chai," akaambiwa.

Alhamisi asubuhi Itto akaniita, machozi yanamlenga. "Mama, kiduara kinazunguka tu!"

Nikapanda kwa Mwenyekiti. Kwake nako kiduara kilikuwa kikizunguka. Alikuwa amevaa tai mpya, akimngojea gavana ampongeze kwa video.

"Mama Itto, vuta subira. Mtandao unaidhinishwa."

"Mwanangu anafungiwa mlango, bwana wee!"

"Hata mimi nasubiri. Wewe nani?"

Nikamshika Itto tuondoke. Langoni tukakuta ngoma inarindima. Bawabu, mzee Ba Ichou, anachovya mkate kwenye mafuta ya zeituni huku akitazama harusi ya mjukuu wake Ufaransa, picha safi kama maji ya chemchemi.

"Ba Ichou, kwako mtandao unashika?"

"Unashika mpaka unanikera, mwanangu. Keti, usogeze huo mkate."

Itto akaketi kwenye benchi, akajaza fomu kwenye simu, akatuma. Jina likapokelewa. Nilimbusu Ba Ichou kichwani.

Hatujainuka vizuri, Si Lahbib akashuka mbio, tai begani, simu juu. Akajibanza kwenye benchi, ubavuni mwa bakuli la mafuta. Gavana akatokea kwenye kioo cha simu, hadi chunjua ya puani inaonekana. Akalitazama lango, benchi, mkate.

"Bawabu," akasema gavana, "acha kula. Kamwite Mwenyekiti wako."

Si Lahbib akasimama wima.

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema, akapanda ngazi kwenda kumwita.