Chumba Kinachotazama Bahari

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Tumefika. Mvua. Nyuma yake kuna mvua nyingine. Nimeiona baharini imesimama kama mtu anayesubiri zamu.

Kuja ufukweni msimu ambao watu hawaji lilikuwa wazo langu. Kule kazini, ambako ndimi mtunza stoo, nimemweleza kila aliyekuja kuomba balbu au karatasi. Wajinga huenda jua likiwaka, wakabanana kama dagaa. Mwenye akili huenda wakati hoteli nzima ni yake.

Hoteli nzima si yetu. Ina vyumba thelathini na viwili, na ishirini na nane vinavuja. Meneja, ambaye mpaka msimu urudi ndiye pia mpokezi, mpishi na mfagiaji, ametupa viwili vya chini, upande wa nyuma. Kimoja changu na mke wangu, kingine cha mama mkwe, tunayeishi naye, na Binti, mtoto wetu. Dirisha letu linatazama tangi la maji. Tangi nalo linatutazama.

Mke wangu ni nesi wa wodi ya wazazi. Ana miaka minne hajachukua likizo. Kabla ya safari aliniapisha: siku saba, na nisipange kitu chochote. Nisimpangie mtu, nisimzunguke mtu, nisiwe na njia ya mkato. Niliapa mkono ukiwa juu ya sanduku.

Leo jioni alisimama uani akatazama juu. Ghorofani kuna chumba chenye baraza, kiti kirefu cha kamba, na mbele yake bahari yote. Akasema taratibu, kama anajisemea, kwamba pale mtu angelala hata siku tatu.

Chumba kina mtu. Ni mstaafu mmoja mrefu, alikuwa mpima ardhi, yuko peke yake na darubini haimtoki shingoni hata akinywa supu. Nimemwita Bwana Darubini. Mtu mmoja, baraza zima!

Nimeapa kutopanga. Lakini kuwaza si kupanga.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Kabla ya chai nilimvuta Meneja pembeni. Nikamnong'oneza kuwa mama mkwe wangu ana kifua, kifua kibaya, na daktari ameagiza apate upepo wa bahari, kwa hiyo chumba cha mbele, na baraza likiwepo ndiyo dawa yenyewe. Nikakohoa kidogo ili aelewe. Kumbe naye ana mama. Macho yalimlengalenga machozi.

Nikaketi mezani kusubiri nimwone Bwana Darubini akishuka na mabegi.

Hakushuka. Meneja alipanda na nyundo, akaufungua kwa nguvu mlango uliovimba wa kijichumba kilicho jirani na cha Bwana Darubini. Kitanda kimoja, dirisha moja la baharini, baraza hakuna. Akamhamishia mama mkwe humo. Na kwa kuwa Binti anaogopa kulala peke yake karibu na tangi, godoro lake limeletwa chumbani kwetu. Sasa tuko watatu. Binti ana miaka kumi na tano na anapiga mateke usingizini kama anayefukuza mbuzi.

Si hayo tu. Mama mkwe amenyimwa maji baridi. Amenyimwa kiti cha mlangoni. Mara tatu amefunikwa blanketi juu ya beseni la maji ya moto. Huyu ni mwanamke wa miaka sitini na mitatu, fundi cherehani, ambaye hata mafua huyasikia kwa jirani. Mchana akauliza nani kasema anaumwa. Meneja ni mtu mkweli. Alininyooshea kidole.

Mama mkwe alilivua blanketi. Alinitazama vile anavyoutazama mshono uliopinda. Kisha akamwambia mwanawe kwamba chumba amekipenda, na jirani yake ana salamu nzuri.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Mke wangu ana alama ya kisigino ubavuni. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma.

Wazo jipya. Huwezi kumtoa mtu kwenye chumba, lakini unaweza kumpa sababu ya kupenda kwingine. Bwana Darubini amekuja kutazama ndege wanaotua huku wakati wa mvua. Meneja amesema kwenye rasi ya mbele kuna nyumba ya wageni, ndogo, safi. Basi wakati wa mayai nikamwambia mzee, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba nimesikia kule rasini kuna ndege wa ajabu.

Akaweka kijiko chini. Wa ajabu vipi?

Mimi ndege ninaowajua ni kuku na wale wanaochafua gari la mkurugenzi. Nikamwambia ana kifua cha njano. Miguu je? Myekundu. Analiaje? Hapo nikatazama huku na huku, mlango wa jiko ukafunguka. Nikasema analia kama bawaba isiyo na mafuta.

Bwana Darubini aliandika yote kwenye daftari. Akasema ameishi na ndege tangu utotoni na huyo hamjui, wala hajamsoma popote. Akamwita Meneja akaongeza wiki nzima kwenye chumba chake! Kisha akanishika bega, akaniomba kesho nimwongoze mwenyewe.

Mama mkwe, kutoka meza ya pili, akasema naye atakwenda. Upepo wa bahari, akasema. Si ndivyo daktari alivyoagiza?

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Meneja alisema rasi ni mwendo wa saa moja. Meneja huyo hajawahi kwenda.

Tulitembea saa mbili na nusu. Mvua, matope, mvua. Tulikuwa na mwavuli mmoja, na adabu ikautoa kwa wazee. Walitangulia wakizungumza. Nilisikia vipande tu: habari za vitambaa, habari za milima aliyoipima, jinsi mtu anavyojifunza kupika akishafiwa na mwenzake. Mara mama mkwe akacheka. Nina miaka kumi na saba katika ukoo ule, sijawahi kumsikia akicheka namna ile. Niliinua shingo kuhakikisha ni yeye, nikakanyaga pasipo na chini. Kiatu cha kushoto kilibaki humo. Kipo humo mpaka sasa.

Nyumba ya wageni imefungwa kwa kufuli lenye kutu. Mzee hakuitazama hata kidogo. Alisimama chini ya paa lake na darubini, akasubiri ndege wangu. Akasubiri na kusubiri. Hatimaye mama mkwe akaomba darubini, akasema anaona njano mtini. Moyo ulinilipuka kwa furaha. Wakati mwingine Mungu humsaidia mwongo.

Ulikuwa mfuko wa plastiki.

Bwana Darubini hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alifunga daftari, akalitia ndani ya koti, akasema kwa upole: "Nimepima ardhi miaka thelathini na mitano. Mtu anayenionyesha mpaka usiokuwepo namjua kwa macho. Wewe nilikujua tangu jana kwenye mayai."

Nikamuuliza kwa nini basi amekuja.

Akamtazama mama mkwe aliyekuwa akikamua upindo wa gauni lake, akasema matembezi hayajamdhuru mtu.

Nimerudi kiatu kimoja. Nimeanza kupiga chafya.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Homa. Mwili mzima kama umepigwa mchi.

Mke wangu hakulala. Alikesha akinipima, akiniweka kitambaa kwenye paji la uso, akinigeuza kama anavyowageuza wanawake wa wodini. Asubuhi nilifungua macho nikamwona ameketi ukingoni mwa kitanda, mgongo umenyooka, saa yake ya kazini imebandikwa kifuani. Alikuwa ameifunga kwenye begi. Kwa ajili yangu ameitoa.

Nikamweleza yote. Kifua cha mama yake, ndege, mlango wa jiko. Nikasema nilitaka apate lile baraza.

Alikikamua kitambaa. Halafu akasema: "Miaka minne nimengoja siku saba, baba Binti. Umekwisha kula nne. Mimi baraza sikukuomba. Nilikuomba utulie."

Hakupandisha sauti. Akaondoka kwenda kutafuta maji ya uvuguvugu. Nikageukia ukutani. Sitaandika nilichofanya huko ukutani, ila mto ulilowa, na haikuwa mvua.

Mchana Bwana Darubini alikuja kunijulia hali. Alileta ndimu mbili. Nilikuwa nimechoka hata kudanganya, nikamwambia ukweli: nilitaka chumba chake kwa ajili ya mke wangu.

Alistaajabu. Akauliza kwa nini sikumwambia tangu Jumatatu. Yeye bahari haimhusu. Ndege wa mvua hutua kwenye kidimbwi cha nyuma, chini ya tangi la maji, na alipofika aliomba hivi hivi vyumba vyetu. Meneja akamjibu vimekwisha chukuliwa na familia iliyopiga simu mwezi mzima kabla, mwanamume mmoja mbishi aliyeng'ang'ania upande wa nyuma kwa sababu kelele za mawimbi zinaharibu usingizi.

Nilikuwa mimi. Ile ya mawimbi niliisoma mahali.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Tumebadilishana vyumba. Ilichukua dakika kumi. Dakika kumi!

Mke wangu aliingia barazani saa tatu asubuhi, akajilaza kwenye kile kiti cha kamba, akasema ataangalia maji kidogo. Hakumaliza hata kuangalia. Alilala mpaka saa kumi jioni. Mvua ilisimama, ikanyesha, ikasimama. Nilikaa sakafuni mlangoni, nimejifunika blanketi la Meneja, sikufanya kitu. Uso wake ulilegea polepole, kama ngumi inayofunguka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana kishimo shavuni.

Meneja alikuja na ngazi, anataka kupigilia bati. Nikamwendea kwa vidole vya miguu, nikamwambia waziwazi kwamba mke wangu amelala, na naomba bati lingoje. Akasema sawa, akaondoka. Basi! Nilishangaa jinsi kitu hicho kinavyofanya kazi.

Alipoamka alinikuta pale pale. Akaniuliza nimekuwa nikifanya nini siku nzima. Nikasema hakuna. Alinitazama muda mrefu, akasogeza miguu kunipa nafasi kwenye kiti.

Ningeishia hapa, ingekuwa siku njema kuliko zote za ndoa yetu. Lakini Binti alipanda na habari. Bibi yake na Bwana Darubini wamekaa kidimbwini tangu asubuhi, viti viwili, darubini moja, wanapokezana. Bibi ameshajua majina ya ndege tisa. Bibi amemshonea mzee kifungo cha koti. Bibi ametaka afundishwe kutuma picha kwa simu, na Binti amemfundisha.

Nikasikia baridi ambayo si ya homa. Kifungo! Mwanamke yule hajanishonea kifungo tangu nioe.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Siku ya kuondoka, jua limewaka. Bila shaka.

Mezani, mbele ya chai ya mwisho, mama mkwe alitangaza. Bwana Darubini atakuja kwetu Jumapili ijayo, chakula cha mchana, awasalimu watoto wake wote rasmi. Alisema "rasmi" huku akinitazama mimi. Mke wangu aliinuka akamkumbatia mama yake, akalia kidogo, kilio kile cha furaha. Binti alipiga picha. Meneja naye alilia, ila huyo analia kwa lolote.

Nikapiga hesabu. Mtu niliyemwita kwa jina la chombo chake. Mtu niliyemtembeza matopeni kutafuta mfuko. Huyo atakuwa baba mkwe wangu! Atakaa kwenye kiti changu na kunitazama kwa macho yale ya kupimia, kila Jumapili, mpaka mmoja wetu aondoke duniani.

Safarini mke wangu aliegemea bega langu. Alisema siku ile moja imemtosha, amerudi kuwa mtu. Akanishika mkono akaniomba jambo moja tu: hili la mama nisiliguse. Nikasema sitaligusa. Nikamwambia likizo hii imenifundisha kwamba mtu akitaka kitu aseme wazi, na asipokuwa na la kusema atulie.

Alifurahi sana. Nami nilimaanisha kila neno.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Kazini. Wamekuja kumi na wawili kuuliza habari za likizo. Nimewaambia wote: siri ni utulivu, msipange kitu.

Saa nne nilifunga mlango wa stoo nikampigia Bwana Darubini. Nikamwambia kwa masikitiko kuwa mama mkwe anaomba radhi, Jumapili haitawezekana, labda baada ya mwezi. Alinisikiliza kwa makini. Akasema ameelewa kabisa.

Halafu nikampigia mama mkwe nimwambie mzee kaomba kuahirisha, ana udhuru wa kifamilia. Simu yake ilikuwa inatumika. Nikajaribu tena saa tano: inatumika. Nilipompata saa sita, alinisikiliza naye kwa utulivu wa ajabu, akanishukuru kwa kumjulisha, akasema kuna simu nyingine inaita.

Nimerudi nyumbani. Mama mkwe ameketi sebuleni, simu sikioni, anacheka. Ndivyo amekuwa tangu asubuhi, anasema Binti. Sijui anazungumza na nani. Ni heri, angalau amesahau mambo ya yule mzee.

Mke wangu ananiita sebuleni. Anasema nije na kiti, wote wananingoja. Nadhani wanataka kunishukuru.