Nyoka Aliyekataa Chakula Changu

Jumatatu, 3 Juni

Mjukuu wangu kaondoka asubuhi kwenda mafunzo ya kazi. Kaniachia nyoka wake. Sanduku la kioo liko juu ya kabati, pale zilipokuwa sahani zangu za wageni. Sahani zimehamia chini ya kitanda. Ndiyo mapenzi hayo.

Maagizo: panya mmoja kwa wiki, keshakufa, pakiti yao imo kwenye friza ubavuni mwa samaki wangu. Myeyushe kwa maji ya vuguvugu, mtie kwa koleo, funika sanduku, ondoka. Akikataa, mwache. Na usimsemeshe, bibi. Nikamwambia nenda salama, mke mwenzangu, niliowalisha mimi hawana idadi.

Halafu, huku anafunga zipu ya begi, akasema tukishindwana mimi na nyoka atampeleka kwa bibi yake wa upande wa baba. Kule kuna chumba kitupu na kimya kingi. Huenda na yeye akahamia hukohuko. Kalisema hilo kama mtu anayesema leo kuna mawingu.

Nimemlea huyu tangu hajaota meno. Shule sikuiona hata mlango. Herufi hizi kanifundisha yeye akiwa darasa la pili, na nikikosea ananichapa kwa rula. Haendi popote. Nyoka atakula.

Jioni nikampa panya. Sikufunika. Nani anamkaribisha mgeni mezani halafu anamfunika shuka? Nikakaa mbele yake, nikambembeleza: kula baba, kula tumbo lijae. Hakula.

Jumanne, 4 Juni

Nimelijua tatizo. Panya hana ladha. Chumvi, kitunguu saumu, ndimu kidogo, nikambanika juujuu. Nyumba ikanukia mpaka jirani akauliza kupitia dirishani napika nini. Nikamwambia hukualikwa.

Nyoka akatoa ulimi mara moja, akaramba hewa, akaingia chini ya gome lake la mti. Nimelea watoto wenye adabu za kila namna. Huyu ndiye wa kwanza kukimbia chakula kwa tumbo.

Jumatano, 5 Juni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hana hata bega la kulibebea.

Leo macho yake yamekuwa meupe kama maziwa. Kumbe maskini haoni sahani! Mtoto wa jicho, kama wa marehemu shemeji yangu. Nikaenda duka la dawa. Muuzaji akauliza mgonjwa ni nani. Nikasema ni wa nyumbani. Umri? Miaka minne. Akasema mtoto mdogo hivyo pengine anahitaji miwani. Nikasema hana masikio ya kuitundikia. Kijana akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole kama nimekuja na mtu.

Nimerudi na dawa ya matone. Tone moja lilimpata kichwani, jingine likanipata mimi kidoleni. Tumetibiwa sote.

Alhamisi, 6 Juni

Kaja bibi wa upande wa baba. Mimi namwita Bibi Mapazia, kwa sababu kwake hata redio ina pazia. Akakaa ukingoni mwa kiti kama vile kiti kina upele. Akamtazama nyoka, akasema pole mwenzangu, naona amekonda. Nikamwambia ni nyoka, ulitaka awe na makalio? Akasema kwake kuna utulivu. Nikasema hata makaburini upo.

Akauliza kama amekula. Nikasema asubuhi, na nyongeza akaomba. Akauliza mbona tumbo halionyeshi. Nikasema chakula changu hakimvimbishi mtu. Akatabasamu, akaaga, akasema atapita tena. Mdomo unatoa pole, macho yanahesabu nguo za mjukuu wangu kwenye kamba.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi nilijaribu kumtamanisha. Nikala paja la kuku mbele ya kioo, nikanyonya na mfupa. Akanigeuzia kisogo, kama anacho.

Nikafikiri tena. Nyoka ni mwindaji, hataki maiti, anataka mbio. Nikamfunga panya uzi mkiani, uzi nikaufunga kwenye mwiko, nikapanda juu ya stuli na kumtembeza. Panya alitembea vizuri, niseme kweli. Sauti nilimtolea mimi mwenyewe: kwi, kwi, kwi.

Nilipogeuka, Bibi Mapazia alikuwa mlangoni.

Angenicheka ningemjibu. Hakucheka. Alirudi nje polepole, akasimama kizingitini pangu, akampigia simu mjukuu wangu. Nilisikia neno “mwiko” mara kadhaa.

Jumamosi, 8 Juni

Mjukuu kapiga simu. Sauti laini, ile ya kuzungumza na wagonjwa. Kasema bibi usijichoshe, kesho Bibi wa kule atakuja kulichukua sanduku. Nikauliza na wewe? Akasema tutaona, bibi.

Nikasema sawa. Kitandani pake niliketi kidogo. Mto bado una harufu ya mafuta yake ya nywele.

Sikutaka kumwona yule mlaji wa hewa. Panya wa leo nilimtupia humohumo bila chumvi wala neno, nikatupa shuka juu ya sanduku, nikaenda kukaa uani mpaka kiza.

Jumapili, 9 Juni

Bibi Mapazia kaja na glavu za kuoshea vyombo na kapu kubwa. Simu kaishika juu, mjukuu anatazama. Akavuta shuka kama anayezindua sanamu.

Gamba zima liko pembeni, limevuliwa kama soksi. Nyoka anang'aa, macho maangavu. Panya hayupo. Katikati ya mwili, bonge kama ngumi.

Bibi Mapazia akasogeza uso karibu. Nyoka akagonga kioo, pa! Kapu likaenda huku, yeye kule, glavu moja ikabaki kwenye feni.

Mjukuu alicheka mpaka simu ikakwaruza. Kisha akanieleza: macho meupe ni nyoka anajiandaa kuvua gamba. Siku hizo hali, na hataki kutazamwa. Jana ulimfunika ukamwacha, bibi, ndiyo maana akala. Nikamkatiza, nikauliza anahamia wapi. Akasema nihamie wapi tena, nani mwingine atanitembezea panya?

Nikalia kidogo. Kitunguu saumu.

Jumatatu, 10 Juni

Mjukuu anasema dawa ni kimya. Ni mtoto, hajui. Mimi nimekaa naye, nimeona: ni yale matone. Alipofunguka macho ndipo akajua kanikosea heshima wiki nzima, akala kwa aibu.

Na aliyeshinda njaa muda wote huo hashibi kwa panya mmoja. Leo asubuhi nimembanikia wa pili, na ndimu. Amenigeuzia kisogo.

Nimevuta kiti. Nimemwambia kula baba, kula, mimi sina safari.