Malalamiko ya Kura Moja Iliyobaki Khuwair

Khuwair ya Kusini, Muscat
Wiki ya Sikukuu, Novemba 2005

Kwa Mhariri,
Tovuti ya Habari za Uchaguzi,
Popote ulipo, maana anwani yako nimeitafuta sikuiona.

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Kwanza nijitambulishe, ujue unalaumiwa na nani. Mimi ni Hatem bin Ishaq, na kwa kutafuta habari kwenye mtandao hakuna wa kunishinda kuanzia Azaiba mpaka Sidab. Wa pili wangu bado hajatokea. Kuna mmoja kazaliwa nyumbani kwetu mwezi wa Septemba, nna matumaini naye, lakini kwa sasa hata shingo hajaikaza. Skuli niliiacha darasa la tisa, na si kwa kushindwa. Walimu walikuwa wamebakiwa na kidogo tu cha kunifundisha, sikutaka kuwamalizia. Leo mtu yeyote mtaani akitaka kujua bei ya gari Dubai, au dawa ya vipele, au mwezi umeandama wapi, anakuja kunitafuta kwenye duka la mtandao la Mmalabari, Mhindi wa Kerala, nyuma ya msikiti. Naye mwenyewe Mmalabari kompyuta ikimgomea huniita mimi, kisha humwita fundi.

Sasa nije kwenye kosa lako. Kosa lako limemfika bibi yangu, Bi Hasina.

Bibi hakuhamia huku kama sisi. Yeye ni wa Mkunazini, Unguja, na Muscat huja kwa kazi moja tu, kulea uzazi. Binti yake akijifungua, yeye hupanda ndege na mkoba wa pilipili manga na mdalasini, akamkanda mzazi, akampikia mchuzi wake, na hatoki nje mpaka arubaini iishe. Na bahati ya ukoo wetu, watoto wanapenda kuzaliwa mwaka wa uchaguzi. Mwaka 1995 kazaliwa Fajr, Bibi yuko huku. Mwaka 2000 kazaliwa Atheer, Bibi yuko huku tena. Mara mbili wenzake wamepiga kura, yeye amekoroga uji. Kwa hiyo mama yangu mdogo Zakiya alipompigia simu kumwambia ana mimba, Bibi alihesabu kwanza kwa vidole, kisha ndiyo akampa hongera. Akamwambia, "Arubaini itakwisha kabla Oktoba haijesha. Zaa kwa wakati, mwanangu, safari hii nna miadi."

Zakiya akazaa kwa wakati, mtoto wa kiume. Tiketi ya Bibi ya kurudi ikakatwa ya Ijumaa. Kura ilikuwa Jumapili, tarehe thalathini, ndani ya Ramadhani: rais wa Zanzibar na rais wa Muungano, zote siku moja. Kadi yake ya kupigia kura alikuja nayo Muscat imefungwa kwenye leso. Nilimuuliza kwa nini hakuiacha kabatini kwake, akanambia kabati halina akili.

Mimi nikapewa kazi ya habari. Kila siku baada ya futari, Bibi na wanawake wa jirani wakishakaa na kahawa, nasimama mbele ya friji nawasomea nilichochapa mtandaoni. Nikimaliza, karatasi inabandikwa kwenye mlango wa friji. Bibi alitaka jambo moja tu. "Nambie nani kasema nini juu ya maji. Bomba langu linakohoa mwaka wa tatu huu. Hayo mengine watajuana wenyewe." Ombi dogo namna hiyo, Ndugu Mhariri. Tizama sasa mlilolifanya wewe na wenzako wa mtandao.

La kwanza. Niliandika kwenye kisanduku cha kutafutia: mgombea, maji, Zanzibar. Nikaletewa hoteli kumi na moja. Maji yalikuwemo, sikatai, tena ya buluu, na Wazungu ndani yake wanacheka. Nikachapa moja kwa rangi nikampelekea. Bibi akavaa miwani, akaitizama sana, akauliza, "Hawa mbona wamepata? Wako jimbo gani?"

La pili ni picha. Mtandao wa Mmalabari unapita kwenye waya mmoja wa simu na sisi tunaugawana watu sita. Mgombea anafunguka kuanzia juu, pole pole, mithili ya mtu anayevuliwa shuka. Ramadhani nzima nimeyajua mapaji ya nyuso ya wagombea wote, nikiyaona njiani nayasalimia. Mmoja alijitahidi akafika puani, saa yangu ikaisha. Sera zao zote mmeziweka chini ya kidevu. Naomba kuanzia uchaguzi ujao sera ziandikwe kwenye paji la uso.

La tatu ni watu wa jukwaani, pale mnaporuhusu kila mtu aandike. Kuna mmoja anajiita Simba Mkali, anakaa Toronto, huyo anajua mpaka nani kala nini Ikulu. Mwengine kaandika kwamba kura ya mtu aliyefunga inahesabiwa mara mbili. Bibi ilimpendeza hiyo, akasema ni haki kabisa, ikabidi nirudi kuichunguza. Nikamwandikia yule mtu: wewe mtoto wa nani? Akanijibu: na wewe unayeuliza mtoto wa nani? Nikajua huyu ni wa kwetu, lakini habari yake bado sikuijua kama ni kweli. Sasa mimi nasema hivi. Anayetoa habari ya kura aweke jina lake, la baba, la babu, na la jirani wa kumuulizia. Kwetu kijana akija kuposa huulizwa zaidi ya hayo, na yeye anataka mke mmoja tu. Hawa wanataka nchi.

La nne linaniuma mimi binafsi. Mimi si mtu wa kudanganywa ovyo. Habari siikubali mpaka niione sehemu tatu. Nilipopata kwenye tovuti tatu kwamba vituo vitafunguliwa asubuhi, nikaisoma mbele ya friji kwa sauti ya kadhi. Binamu yangu Aws alikuwepo siku hiyo. Aws anasoma chuo kikuu, anatembea na kalamu mbili mfukoni ingawa mkono wa kuandikia ni mmoja. Akazichukua karatasi zangu tatu akaziweka pamoja. Maneno yaleyale, na picha ya sanduku la kura imekaa kichwa chini zote tatu. Akanambia mbele ya wanawake wote, "Hatem, huyu ni shahidi mmoja kavaa kanzu tatu." Walicheka mpaka mtoto akaamka. Kicheko kile ni juu yenu. Mkitaka kunakiliana, basi angalau kila mmoja aigeuze picha upande wake.

La tano. Hapa naomba ukae vizuri.

Alkhamisi, siku moja kabla ya safari ya Bibi, nilikuwa kwa Mmalabari, magharibi imekaribia. Upande wa Muungano kulikuwa na msiba, mgombea mwenza mmoja kafariki, Mungu amrehemu, na uchaguzi ukasogezwa mpaka Desemba. Na nyinyi kwenye ukurasa wenu wa mwanzo mkaandika kwa herufi nyekundu, kubwa kuliko zote nilizopata kuziona: UCHAGUZI WA RAIS WAAHIRISHWA.

Rais gani, Ndugu Mhariri? Mnajua fika kwamba mtu wa Unguja ana marais wawili. Mtu mwenye watoto wawili haandiki mlangoni "mtoto anaumwa" akaenda zake.

Nikauchapa ukurasa ule, nikakimbia nyumbani. Nyumbani kwetu kilichotoka kwenye printa hakibishwi. Mama yangu anabishana na redio, anabishana na daktari, lakini karatasi yenye wino wa printa huikunja kwa adabu. Nikasimama mbele ya friji nikasoma. Mama mdogo Zakiya akalia kwa furaha kwamba mamake atakula Sikukuu na sisi. Ami Sleiman, mumewe, anayefanya kazi wizarani na hanyanyui uso kwenye sahani ila kwa jambo zito, akanyanyua uso. Mimi nikapewa sambusa ya kwanza, ambayo kwa desturi ni yake. Tiketi ikabadilishwa. Ijumaa na Jumamosi watu walikuwa kwenye nguo za Sikukuu na biskuti, hakuna aliyeuliza tena habari.

Jumapili asubuhi simu ikalia. Alikuwa Nasriya, jirani wa Bibi, anapiga kutoka Unguja, yumo ndani ya foleni. Sauti yake tuliisikia sote. "Bi Hasina, uko wapi? Nimekushikia nafasi tangu alfajiri, hawa wa nyuma wameshaanza kunisonya."

Bibi alikuwa kampakata mtoto. Alimfunika vizuri miguu. Kisha akasema, "Sogea mbele, Nasriya mwanangu. Usiwacheleweshe watu kwa ajili yangu." Akamrejesha mtoto kwa mamake, akaenda chumbani. Nilichungulia. Kaifungua leso, kaitizama kadi yake mbele na nyuma, akaifunga tena. Futari ile alipika yeye. Alinipa sambusa yangu sawasawa na ya kila mtu, na afadhali angeninyima.

La sita ni madai yangu, maana malalamiko bila madai ni umbea.

Kwanza, uchaguzi urudiwe. Si wote, sina ukorofi huo, urudiwe kwa mtu mmoja. Sanduku liletwe Khuwair ya Kusini, ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani. Wasimamizi wote watalala kwetu, mchuzi wa pilipili manga umebaki. Vyama vilete mawakala wao, ila wavue viatu.

Pili, ikiwa sanduku halisafiri, basi kura zote zilizokwisha kuhesabiwa ziongezwe moja. Bibi atanong'ona jina sikioni mwa mtu mwaminifu, na mtu huyo niko tayari kuwa mimi.

Tatu, mtandao wote ufungwe Alkhamisi kabla ya kila uchaguzi na ufunguliwe Jumatatu. Dunia nzima, tusionekane tunapendelea. Siku hizo nne anayetaka habari ampigie simu Nasriya.

Nne, Zakiya na wazazi wote wa Kiunguja walioko Oman wapewe kalenda ya uchaguzi wa 2010 mapema, wapange mambo yao.

Tano, mniteue Mkaguzi Mkuu wa Habari za Wapiga Kura kwenye Mtandao. Kiti nnacho, kwa Mmalabari, kile cha pembeni chenye mguu mmoja mfupi. Mshahara tutazungumza. Kila habari ya uchaguzi kabla haijatoka ipite kwangu niisome, na ikinitatanisha mimi, mjue taifa zima limepotea.

Nnakusalimu wewe na wafanyakazi wako, mafundi wenu wa picha, Simba Mkali akirudi kwenu jukwaani, na yule wa kura mara mbili, mwambie Bibi bado anamuombea iwe kweli. Mama anasalimu, Zakiya anasalimu, mtoto anapiga miayo. Aws sikumwambia kwamba nnaandika, lakini akijua atasalimu kwa kalamu zote mbili. Sikukuu njema, na Mungu akupe macho ya kuona unachokiandika.

Aliyedhulumiwa na herufi zako nyekundu,
Hatem bin Ishaq

Nyongeza. Kabla sijaituma barua hii nilikwenda kwa Mmalabari kuuchapa tena ukurasa wenu, niuambatanishe uwe ushahidi. Safari hii nikakibonyeza kile kichwa cha habari. Kumbe ndani yake kuna habari. Haina picha, inafunguka upesi. Mstari wa pili mmeandika, kwa herufi nzito: "Uchaguzi wa Rais wa Zanzibar uko palepale, Jumapili tarehe 30." Aws anasema uliandikwa hivyo tangu siku ileile, na yeye aliusoma huko chuoni, hakutuambia kitu kwa kuwa alijua mimi nimeshausoma. Kwa hiyo malalamiko yangu yote yafute, isipokuwa lile la mapaji ya nyuso, lile bado nnalishikilia.

Na kuna hili moja, nakuandikia wewe kwa sababu hunijui. Alkhamisi ile, wote walipokuwa wanashangilia sebuleni, Bibi aliniita jikoni. Akanishika mkono, akaniuliza pole pole, "Hatem, baba, umesoma mpaka mwisho?" Mimi nilikuwa nimesoma herufi nyekundu tu, nikatoka mbio niwahi futari, niwe wa kwanza kusema. Nikamwambia, "Mpaka mwisho, Bibi."

Akasema, "Basi nimekuamini wewe." Akaenda kumwambia Ami Sleiman abadilishe tiketi. Hakuuliza mtu mwengine.