Mama Alivyonusa Laptop Kondele

Jamani, leo nimevuliwa nguo hadharani, saa tano asubuhi, Kondele. Shati ninalo bado. Kilichovuliwa ni heshima.

Mnajua mimi hutengeneza gemu ndogondogo. Hii ya sasa ni ya watoto wa shule, ya kujumlisha. Kuna mama muuza samaki na karai lake, mtoto anamhesabia samaki wake, ngege. Ukikosea, paka anabeba samaki mmoja na yule mama anakufokea. Mwalimu mmoja wa Migosi ameniambia nimpelekee Jumatatu. Akiipenda, hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Shida ni kwamba nilikuwa naitengeneza kwa kompyuta ya rafiki niliyekuwa nakaa naye, na rafiki amehama na kompyuta yake. (Nimebaki na flashi na maombi.)

Mama yangu akasema ataninunulia laptop, bora iwe ya bei nafuu. Mama anauza samaki Asembo Bay tangu sijazaliwa. Leo akapanda gari la alfajiri, akauza karai zima Kondele, akanipigia simu: "Omondi, niko hapa. Twende tuone hicho chombo." Pesa ziko kwa simu yake, na namba ya siri hata baba haijui.

Sasa dhambi yangu inaanzia hapa. Mimi nilikuwa nimepiga shati pasi. Mama alikuwa amejifunga leso ya kijani, kandambili, karai tupu kwapani, na ile harufu ya kazi. Nikamwambia, "Mama, kaa kwanza hapa nje kwa benchi, nitakuita bei ikipatikana." Akaniangalia, akakaa na karai lake.

Ni duka la laptop zilizotumika. Dada anayeuza anaitwa Lavender, na kompyuta anazijua kweli. Nikashusha sauti kidogo: "Naitwa Fred. Mimi ni mtengenezaji wa gemu." Nikaanza kumwaga maneno: RAM, kadi ya picha, nini na nini. Macho yalikuwa yameshatua kwa moja nyeusi, nyembamba, kibodi inawaka taa nyekundu. Yawa! Nilijiona nimeshafika.

Mara karai likaingia mlangoni, na mama nyuma yake.

"Mko pamoja?" Lavender akaniuliza.

"Hapana," nikasema.

(Msinitukane bado. Subirini.)

Mama alisikia. Akaweka karai chini, akaomba aone ile nyeusi niliyokuwa nimeshika. Akaipima uzito kwa mkono mmoja. Akaibonyeza tumbo kwa dole gumba. Akaifungua, akaifunga, akaifungua. Halafu akaigeuza, akaweka pua kwenye matundu ya kutolea joto, kama anavyonusa mashavu ya samaki, akavuta pumzi ndefu. Duka zima likaacha kazi. Mimi nikaangalia dari.

"Huyu amelala," mama akasema. "Ameingia maji, wakamkausha haraka haraka wapate kuuza."

Nikacheka. Nikamwambia Lavender kwa Kiingereza cha kuazima amsamehe huyo mama, hawa watu wa samaki hawaelewi mambo ya mashine. (Ndiyo, nilisema "hawa watu". Iandikeni hiyo pia.)

"Mpasueni tumbo," mama akasema.

Lavender anaziamini laptop zake, kwa hivyo akamwita fundi wa pale dukani, Odhiambo. Skrubu kumi. Kifuniko kikatoka. Ndani kutu ya kijani imetapakaa, mchanga laini umejaa kwenye pembe.

"Hii ilizama," fundi akasema polepole.

Lavender akashika mdomo. Ilikuja kwa mzigo wa wiki hii na ilikuwa inawaka vizuri. Yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Ndugu zangu, nilisisimka mwili mzima. Nimekula samaki wa mkono huo tangu nikiwa na meno mawili, sijawahi kuumwa tumbo hata siku moja, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilidhani samaki ndivyo walivyo.

Mama akahamia kwenye rafu. Moja baada ya nyingine, anapima, anabonyeza, ananusa. Fundi anamfuata na bisibisi. "Huyu aliungua." Fundi akafungua: kweli, feni imeyeyuka upande. "Huyu mzima, lakini shingo haitafika Krismasi." Kweli, bawaba imepasuka. Watu wakaanza kuingia kutoka barabarani. Kijana mmoja wa boda akavua helmeti yake, akaishika kifuani kwa heshima. Lavender akaacha kusema "mama", akaanza kusema "mwalimu". Nilitaka kupiga kelele kwamba huyo ni wangu, huyo ndiye aliyenizaa! Lakini nilikuwa nimeshasema hapana.

Mwisho akashika moja ya kijivu, nene, imekwaruzwa, herufi Q imefutika. Mimi nisingeiangalia mara mbili. Akainusa, akatabasamu.

"Mbichi kabisa."

Fundi akaikagua: RAM inatosha na nafasi ya kuongeza ipo, diski ni mpya, betri nzuri. "Kwa gemu ndogo, hii inakutosha miaka," akaniambia. Na bei ni kama nusu ya ile yenye taa.

"Fred, hebu jaribu gemu yako tuone," Lavender akasema.

Nikachomeka flashi. Gemu ikafunguka papo hapo. Watu wakanizunguka, "wuueh!", nikavimba kichwa. Yule wa boda akaomba kucheza. Ngege wanne na watatu. Akaandika sita.

Sita!

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nikairukia kibodi, nikachelewa. Ile sauti ya kufokea niliirekodi kwa siri nikiwa nyumbani Desemba, siku paka alipomaliza samaki nikiwa nimelala. Na spika za laptop hiyo, nawaambia, ni nzima.

"OMONDI! Paka anakula samaki na wewe umelala? Hiki kichwa nilichozaa kimejaa maji?"

Kijana wa boda akashtuka, akaandika nane.

"OMONDI! Paka anakula samaki na wewe umelala?..."

Watu wakaiangalia laptop. Wakamwangalia mama, maana nusu saa nzima walikuwa wanaisikiliza sauti hiyo hiyo. Halafu wote wakanigeukia mimi. Nilitamani ardhi inimeze, na karai lake linifuate.

"Fred," Lavender akauliza taratibu, "Omondi ni nani?"

Mama aliinama, akamtazama yule mama mdogo kwenye skrini, leso ya kijani, karai, mkono kiunoni. Akatazama leso yake mwenyewe. Hapo nikajua laptop imekwenda, mwalimu wa Migosi amekwenda, Jumatatu imekwenda.

Akatoa simu, akalipa.

"Kwani mko pamoja?" Lavender akauliza.

"Hapana," mama akasema.

Akaiweka laptop kwenye karai, akaifunika vizuri, akatoka. Nikamfuata nyuma, "Mama! Mama, pole!", huku kijana wa boda akipaza sauti kutoka dukani, "Saba! Jibu ni saba!" Kwenye kona akasimama, akanipa karai. Nimelibeba kichwani kutoka Kondele mpaka chumbani kwangu Migosi, na shati langu la pasi. Kila mtu anayemjua mama alisimama kumsalimia, na kila mara mama alinielekezea kidevu, akangoja. Na kila mara nikasema kwa sauti: "Ni mama yangu."

Sasa laptop iko mezani, inafanya kazi vizuri mno, na mimi nanuka samaki. Mwalimu atapata gemu yake Jumatatu. Mama ameruhusu sauti yake ibaki, ila anataka tuirekodi upya. Anasema siku ile hakuwa amekasirika vya kutosha, lakini leo yuko tayari.