Rejista ya Siri Ukutani, na Mama Mkwe Ndiye Msomaji

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe wangu. Si kwa kunong'onezwa. Nimeaibika kwa herufi kubwa, ukutani, na mashine iliyoniaibisha niliifunga mimi mwenyewe kwa vidole hivi ninavyoandikia.

Nawaeleza kabla hamjasikia kwa wengine. (Kwaya nzima ilikuwepo, kwa hiyo mtasikia tu.)

Mnajua mimi ni katibu wa kwaya yetu hapa Kamina. Mnajua pia ninapenda kompyuta kupita kiasi. Miezi michache iliyopita niliikuta kompyuta kuukuu katika ofisi ya kanisa, nikaipangusa vumbi, nikaifanya seva. Seva yetu wenyewe, juu ya meza, ndani ya jumba la mazoezi! Niliweka humo vitu viwili. Cha kwanza ni ukuta wa picha, programu ya bure niliyoipakua, ambamo mwanakwaya yeyote aliyeunganishwa na waifai ya jumba anaweza kuweka picha zetu. Cha pili ni rejista ya kwaya: mahudhurio ya watu, na maoni yangu ya siri juu yao. Hiyo niliifungia. Simu ya mtu ikijaribu kuifungua inajibiwa kwa Kifaransa "Accès interdit", yaani huruhusiwi kuingia. Inamfungulia mmoja tu, yaani seva yenyewe.

Sasa sikilizeni kosa lilipolala. Ule ukuta wa picha una kisanduku kimoja nilichokipenda sana. Badala ya kupakia picha, unaandika anwani yake, na seva inakwenda yenyewe kuichukua na kukuletea. Ikikuta maandishi badala ya picha, inaleta maandishi. Kinaokoa mega za intaneti za watu, nikakisifu kwa kila mtu. Sikujiuliza hata mara moja kama seva inaweza kutumwa popote, pamoja na mahali ambapo watu wamekatazwa. (Waliotengeneza programu walijiuliza. Walitoa toleo jipya la kuziba tundu hilo, na ilani nyekundu ilinisubiri kila nilipofungua. Nilikuwa nabonyeza "Baadaye". Nimebonyeza "Baadaye" tangu mvua za kwanza.)

Haya, tuje kwenye safari. Wiki ijayo kwaya inakwenda Bukama kwa treni, kuimba kwenye sikukuu ya kanisa la huko. Tuko thelathini na mmoja, nafasi ni ishirini na nne. Saba lazima wabaki. Papa Ilunga, maestro wetu, alichagua sita, akaniachia mimi nimpendekeze wa saba, kwa kuwa mimi ndiye ninayeshika mahudhurio. Kesho baada ya ibada angewaita mmoja mmoja na kuwaambia kwa upole.

Wa saba nilimwandika Mama Ngoie.

Mama Ngoie ni alto wetu wa kwanza. Alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu. Ndiye anayeanzisha wimbo wetu wa Kiluba, na akiuanzisha hata watoto wa nje wanaacha mpira. Dada yake mkubwa anaishi Bukama, ni mgonjwa, na hawajaonana miaka mingi. Kikwembe cha safari, vazi la kitenge, ameshakishona. Na ndiye aliyemzaa mke wangu.

Mtauliza mtu mwenye akili anamwandikaje mama mkwe wake. Clarisse, mke wangu, anaelekea kujifungua. Ni mtoto wetu wa kwanza, na huenda akaja wiki ile ile ya safari, na mimi sijui hata mtoto mchanga anashikwa upande gani. Niliogopa. Nilitaka mama yake awe karibu. Lakini kumwomba ndiyo shida yenyewe. Kwetu Waluba mkwe hamsemeshi mama mkwe ovyo. Humtazami machoni, huketi karibu naye, huli mbele yake. Miaka minne ya ndoa hatujawahi kuambiana neno moja kwa moja. Kila kitu kinapitia kwa Clarisse. Na Clarisse alikataa kabisa kumzuia mama yake asiende kumwona dada yake. Alisema niache ubinafsi.

Basi nikapitia kwenye mashine. Maestro angetaka sababu, nikaandika: "Sauti imechoka. Abaki." Uongo mtupu. Nilijua hivyo nilipokuwa naandika, lakini niliandika.

Leo mchana tukakutana kwa mazoezi. Habari kwamba orodha ya wanaobaki imo ndani ya mashine zilikuwa zimeshavuja. Mama Béa, mmoja wa masoprano, akauliza kama mtu hawezi kuichungulia kwa simu. Swali zuri kabisa. Mtu mwenye busara angejibu "ngoja nikahakikishe". Mimi nilichukua chaki! Nikaandika ubaoni anwani nzima ya rejista, nambari, nukta, mstari mshazari, na neno "rejista" mwishoni, kwa mwandiko mzuri, nikawaambia wajaribu. Wakajaribu wote. Simu moja baada ya nyingine ikajibu "Accès interdit". Nikatoa hotuba. Niliwaambia kwamba hata mtu akionyeshwa mlango, kama mimi ndiye niliyeufunga, hataingia. (Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Kuna waliorekodi.)

Nilikuwa napangusa chaki vidoleni Mama Ngoie alipoingia. Alichelewa kwa sababu alipitia kwa Clarisse kumpelekea mboga. Kwa hiyo hotuba hakuisikia. Alichokikuta ni ubao wenye anwani moja.

Maestro akasema tutafute picha ya Pasaka, ichapwe kwenye karatasi ya nyimbo. Projekta ikawashwa, ukuta wa picha ukaonekana juu ya ukuta halisi wa jumba, na watu wakaanza kutuma picha kwa simu zao. Simu ya Mama Ngoie ni ile ya vibonyezo, haipeleki kitu. Maestro akamwambia akae kwenye kompyuta kubwa, ile seva, atumie kisanduku.

Hapa ndipo ilipaswa nisimame kando yake nimwonyeshe. Mimi ndiye fundi. Badala yake, kwa heshima, nikasogea hatua nne, nikainamisha macho, nikaanza kukunja waya ambazo hazikuwa na haja ya kukunjwa. Mama Béa akamwonyesha kisanduku, kisha akarudi kwenye kiti chake. Kisanduku kinasema: "Andika anwani ya picha." Mama Ngoie akainua kichwa, akaona anwani ubaoni. Mwalimu wa darasa la kwanza akiona kitu ubaoni anajua kimewekwa ili kinakiliwe.

Akanakili. Kidole kimoja, taratibu, huku akitamka kila alichoandika, kama alivyozoea darasani. Nilisikia "moja, tisa, mbili, nukta". Nilisikia vizuri! Nikadhani anasoma namba ya simu ya mtu. Nikaendelea na waya zangu.

Akabonyeza.

Simu zetu zote zilikuwa zimekataliwa, sawa. Lakini sasa si simu iliyoomba. Ni seva yenyewe iliyotumwa, ikajipigia hodi yenyewe, ikajiruhusu kuingia. Ni sawa na mlinzi anayewafukuza wageni wote mlangoni pa ofisi, halafu ukimtuma yeye mwenyewe faili lililomo ndani anakuletea mbio.

Nilijua kuna jambo kwa sababu viti vilianza kukwaruza sakafu. Nikainua macho. Palipokuwa na picha za Pasaka pameandikwa: WATAKAOBAKI KAMINA. Chini yake majina saba, sauti zao, na maoni ya katibu.

Mama Ngoie akavaa miwani. Waliokaa nyuma hawakuona vizuri, kwa hiyo akawasomea. (Mazoea ya kazi, sina la kumlaumu.) "Papa Kalenga, bass. Anakosa mazoezi kila wingu linapopita." Papa Kalenga akakaa wima. "Mama Béa, soprano. Anakuja kwa ajili ya simu, si kwa ajili ya wimbo." Mama Béa akaweka simu chini kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Nilipaswa kufunga ukurasa. Kipanya kilikuwa mkononi mwa mama mkwe. Kukichukua ni lazima niiname juu ya bega lake na kumgusa mkono. Miguu ilikataa. Kichwa kiliamuru, miguu ilikataa, nawaapia. Basi nikaukimbilia waya mkuu ukutani, nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Piano ya umeme ikazima. Feni ikazima. Seva na projekta zikaendelea kuwaka, kwa sababu mimi, fundi stadi, niliziunganisha na betri ya sola ili courant, yaani umeme, ikikatika tusisumbuliwe.

Akaendelea kusoma mpaka wa saba.

"Mama Ngoie, alto. Sauti imechoka. Abaki. Pendekezo la katibu."

Hakusoma kwa hasira. Alisoma kwa sauti ile ile ya majina mengine, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kisha akavua miwani, akaikunja. Hakunigeukia mimi, kwa sababu yeye heshima haikumtoka. Alimgeukia Papa Ilunga, aliyekuwa amesimama katikati yetu.

"Maestro, umuulize mukwe yangu: sauti yangu ilichoka siku gani?"

Maestro akanigeukia. "Secrétaire, mama anauliza sauti yake ilichoka siku gani."

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, nimeshika waya ule. Nilikuwa nimesikia tangu mara ya kwanza. Watu wote walikuwa wamesikia. Nikajibu nikitazama viatu vyangu.

"Maestro, umwambie mama, sauti yake haikuchoka hata siku moja. Minyi njo niliogopa. Clarisse iko karibu kuzala, na nilitaka mama abakie. Sikukuwa na kinywa ya kumuomba, njo nikaandika bongo."

Maestro akarudia yote, hata hilo la bongo, yaani uongo wangu. Kila neno. Ana sauti ya bass, nadhani hata waliokuwa kwenye reli walinisikia nimeogopa. Vichwa vilikuwa vinatoka kwa Mama Ngoie vinakuja kwangu, vinarudi kwake. Nyuma kabisa mtu mmoja alianza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko, na Papa Kalenga hakuficha.

Mama Ngoie akaiweka miwani mezani. Halafu akasema:

"Umwambie, Clarisse mwenyewe njo alinielezea niende. Dada yangu iko anagonjwa, hatanigojea. Kama mukwe alikuwa na woga, angetuma bibi yake kwangu, ningemusikia. Lakini asiniandike hivi, nisome mbele ya bantu."

Maestro alianza kunitafsiria. Nikamwomba asitafsiri.

Maestro hakuchukua muda kuamua. Alisema nafasi ya katibu katika treni ataichukua Mama Ngoie, na katibu atabaki Kamina na mke wake. Wakapiga makofi. Walipiga makofi kweli, mpaka wale sita wengine wanaobaki! Kisha maestro akaanzisha mazoezi bila piano (piano yenyewe haijapona), na Mama Ngoie akauanzisha wimbo wa Kiluba. Sauti ilitoka safi kabisa. Nilisimama pale na waya wangu na sikuweza kuinua uso. Ndugu zangu, kuchekwa na watu nimekuzoea. Lakini mama yule ananitumia chakula kila Jumapili kwa mkono wa Clarisse, nami nilimwandikia uongo juu ya sauti yake, kitu anachokithamini kuliko vyote, eti kwa sababu ya heshima. Nimeona aibu ya kweli, mpaka sasa inanichoma.

Baada ya maombi ya kufunga, watu walipokuwa wanatoka, Mama Ngoie akaja. Akapita meza, akapita maestro, akasimama mbele yangu, akanitazama machoni. Miaka minne! Nilitamani ukuta unimeze, lakini ule ukuta ulikuwa bado na maneno yangu.

"Mukwe," akasema. "Unajua kufunga mutoto mu mugongo?"

"Hapana, mama."

"Utajua."

Akaenda zake. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia.

Nimeshapakua toleo jipya. Kisanduku kile nimekizima, maoni yote nimeyafuta, na Papa Kalenga nimemwomba radhi (amekubali, amesema atanisamehe kabisa mvua ikiisha). Nilipofika nyumbani Clarisse alikuwa ameshatumiwa video mbili. Alikuwa amekaa kitandani, ameshika tumbo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka kwa kucheka. Alipata pumzi kidogo, akaniangalia, akaniambia nimeze maneno yangu yote ya kujitetea na niende kuchota maji.

Kwa hiyo nawaomba msicheke. Mkishindwa kabisa, chekeni mbali na Clarisse. Kila mtu anayempigia simu anamchekesha upya, tumbo linatikisika, mtoto anaweza kuwahi, na treni ya mama yake inaondoka Jumatano.