Mifupa ya Megalodoni

Jumatatu, 4 Mei
Mwalimu wa sayansi katangaza. Darasa letu limepata nafasi moja, moja tu, ya kwenda kuona papa hai kwenye tangi kubwa la vioo! Atakwenda mwenye onyesho bora la megalodoni, papa wa kale aliyekula nyangumi. Nafasi ni yangu. Binti wa shangazi, tunayemwita Profesa, ataleta jino moja la kufinyanga. Jino! Maskini. Mimi naleta mifupa yote.

Jumanne, 5 Mei
Nimembembeleza muuza nyama, kanijazia gunia la mifupa ya ng'ombe. Kaniuliza nafuga mbwa wangapi. Nikamjibu kwa hasira kuwa hii ni sayansi. Nimefika nyumbani na mbwa watatu nyuma.

Jumatano, 6 Mei
Nimeichemsha mifupa kwenye sufuria ya mama ili iwe myeupe. Baba karudi kazini, kanusa, kasifu supu, kajipakulia. Kasema imepungua chumvi tu. Sikuona haja ya kutaja sabuni ya unga. Hadi sasa hajatoka chooni.

Alhamisi, 7 Mei
Mbavu zimekaa! Nimezifunga kwa waya, jitu limejaa sebule nzima. Profesa kaniuliza kama nimesoma kitabu cha darasa. Cha nini, na mifupa ninayo? Wivu tu. Mwenye wivu ajinyonge.

Ijumaa, 8 Mei
Aibu! Mwalimu kalizunguka jitu langu, kisha kanishika sikio, kalikunja taratibu. Nikajua adhabu. Kumbe somo! Kasema mwili wa papa, wa kale na wa leo, umejengwa kwa gegedu, kama hilo la sikioni. Papa hana mfupa hata mmoja! Gegedu huoza upesi, ndiyo maana megalodoni katuachia karibu meno matupu. Darasa zima likaangua kicheko. Profesa kaweka jino lake mezani, kubwa kuliko kiganja. Nafasi kachukua yeye. Nimelia, sifichi. Niliwataka sana wale papa.

Jumatatu, 11 Mei
Mungu si Athumani! Imepatikana nafasi ya pili, na safari hii Mwalimu anataka onyesho la pweza. Profesa kanipa kitabu chake, kanisihi nisome ukurasa mmoja tu. Nimekisukumiza chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Imetulia kabisa. Sasa nakimbilia kwa muuza nyama kabla hajafunga. Pweza ana mikono minane, nitahitaji mifupa mirefu.